Gharama ya Kusimama: Malori ya Mizigo kati ya Dar es Salaam na Ukanda wa Shaba

Shaba inayochimbwa Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, husafiri zaidi ya kilomita 2,000 kabla ya kupakiwa melini Dar es Salaam. Hupita Lubumbashi, huvuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, hushika barabara ya Kapiri Mposhi na Mpika hadi Nakonde, kisha huingia Tanzania kwa mlango wa Tunduma. Kutoka hapo zimebaki kilomita zaidi ya 900 za kupitia Mbeya, Makambako, Iringa na Morogoro. Malori yakishuka hubeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti. Yakipanda hubeba salfa ya kutengenezea asidi ya migodini, mafuta, mashine, mbolea, ngano na mitumba. Kwa miaka ya karibuni Congo imeipita Zambia na kuwa mteja mkubwa kuliko wote wa shehena ya nje inayopita bandari ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa mno ya shehena hiyo huenda kwa barabara.

Kazi hii hulipwa kwa kilomita na huharibika kwa saa. Lori huingiza fedha magurudumu yakizunguka. Likisimama, marejesho ya mkopo wa benki na bima havisimami nalo. Anayetaka kujua kwa nini mfuko wa mbolea ni ghali Ndola, Zambia, au kwa nini tajiri mwenye malori kumi anaweza kufilisika ilhali mizigo ipo tele, aanze kwa kuhesabu siku ambazo lori halitembei.

Kabla ya injini, mizigo ya bara ilikwenda vichwani na mabegani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu, kila mmoja akibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Tani 30 zinazovutwa leo na kichwa kimoja cha lori zingehitaji msafara wa watu wapatao elfu moja. Reli za wakoloni ziliumaliza upagazi, lakini ziliilekeza shaba kusini na magharibi, kwenye bandari za Beira na Lobito. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilibaki ya vumbi na matope hadi siasa zilipoilazimisha kuwa kubwa.

Siku yenyewe inajulikana: tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alipotangaza uhuru wa upande mmoja wa Rhodesia. Zambia, iliyopata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa ikipata mafuta yake na kupitisha shaba yake kwa reli iliyokatiza nchi ya Smith. Mafuta yalipokatika, Uingereza, Marekani na Canada zilianza kuyapeleka kwa ndege, yakiwa kwenye mapipa. Ndege haziwezi kulisha uchumi wa migodi, hivyo malori yakaingia kazini. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja, Zambia-Tanzania Road Services, kwa ubia na kampuni ya Kiitaliano, na madereva wakaanza kupanda na mapipa ya mafuta na kushuka na shaba juu ya barabara ambayo masika yaliigeuza tope. Magari yalipinduka, watu walikufa, na wageni wakaipa njia ile jina la mbio za jehanamu. Heshima wanayostahili madereva wa miaka ile haijawahi kulipwa sawasawa: historia za ukombozi wa kusini mwa Afrika huwataja viongozi na wapiganaji, na huwasahau watu walioiwezesha Zambia kusimama kwenye mstari wa mbele bila kukauka mafuta.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Lami ya barabara kuu ilitandikwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Hesabu ya wapangaji ilikuwa kwamba reli ikikamilika malori yatarudi kwenye kazi ndogondogo. Mambo yakaenda kinyume. TAZARA ilisanifiwa kubeba hadi tani milioni 5 kwa mwaka, lakini miaka ya karibuni imekuwa chini ya nusu milioni, kwa uchache wa injini, uchakavu wa mabehewa na vipande vya njia ambavyo treni hulazimika kuvipita kwa kutambaa. Mfanyabiashara aliyeuza shaba kwa mkataba wenye tarehe hawezi kulingojea behewa asilojua litafika lini. Lori huchukua mzigo mlangoni mwa mgodi na kuushusha kwenye bandari kavu bila kuuhamisha njiani, na mwenye mzigo anaweza kumpigia dereva simu akajua alipo. Uhakika huo ndio uliolipa lori ushindi, ingawa kwa kila tani na kila kilomita reli iliyo nzima huchoma mafuta kidogo zaidi.

Thamani ya usafirishaji huu haiishii bandarini. Barabara hiyohiyo ndiyo inayoshusha viazi vya Njombe, mbao za Mafinga, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ndizi za Tukuyu na mahindi ya Nyanda za Juu Kusini hadi masoko ya Dar es Salaam, mara nyingi kwa Fuso za watu wenye gari moja au mawili. Makambako na Tunduma zimekua kwa kasi kwa sababu malori husimama humo. Kila lori linalolala linaacha fedha kwa mama lishe, fundi wa kuziba pancha, fundi umeme wa magari, muuza vipuri, mwenye nyumba ya wageni, wakala wa forodha na kijana anayelinda turubai usiku. Hapo pana jambo la kukiri waziwazi: kusimama kule kule kunakomla tajiri wa lori ndiko kunakolisha nusu ya mji wa mpakani. Mpango wowote wa kuharakisha malori unagusa riziki ya watu hao, na unapaswa kuwafikiria tangu mwanzo.

Umiliki wa malori una ngazi nyingi. Juu wapo wenye mamia ya magari, wenye karakana zao, matangi yao ya mafuta na mikataba ya moja kwa moja na migodi au kampuni za mafuta. Chini wapo wenye lori moja hadi matano, ambao hupata mzigo kwa dalali na hulipwa baada ya wiki nyingi, ilhali dizeli na posho hutakiwa taslimu siku ya kuondoka. Sauti zao pia ni mbili. Tanzania ina chama cha wamiliki wa malori, TATOA, na kingine cha wamiliki wa kati na wadogo, TAMSTOA. Watafiti Supee Teravaninthorn na Gaël Raballand, katika kazi yao ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009, waliona kwamba tofauti na Afrika Magharibi na ya Kati, ambako ugawaji wa mizigo kwa zamu na mikono ya vyama vilipandisha nauli, Afrika Mashariki ina ushindani wa kweli, na kinachobana zaidi ni gharama zenyewe, hasa mafuta, na idadi ndogo ya safari ambazo gari moja hufanya kwa mwaka. Ugunduzi huo una uzito. Ukipunguza kodi ya vipuri unapunguza kidogo. Ukiliwezesha lori kwenda na kurudi mara tatu kwa mwezi badala ya mara moja na nusu, umeigawa mara mbili gharama ya kulimiliki gari kwa kila safari.

Muda huo hupotelea wapi? Kwanza mipakani. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ambapo gari linalotoka nchi moja hukaguliwa mara moja tu upande wa nchi linakoingia. Mfano wake ulikuwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kituo cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika, kilichofunguliwa mwaka 2009. Vituo hivi vimesaidia, lakini jengo moja halimaanishi mfumo mmoja. Mfumo wa forodha wa Tanzania na wa Zambia ni tofauti, na hati ikikosewa namba moja ya kontena lori hulala hadi wakala aliyeko Dar es Salaam airekebishe. Intaneti ikikatika, ukaguzi hukatika. Kuna mamlaka za mapato, uhamiaji, afya, viwango, mimea na mifugo, na kila moja ina saa zake za kazi. Wakati mbaya foleni ya Tunduma hurudi nyuma kwa kilomita nyingi, na ile ya Kasumbalesa imewahi kufika makumi ya kilomita, madereva wakipika, wakioga na kulala kandokando ya magari kwa siku kadhaa.

Siasa huongeza yake. Mei 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozidi Nakonde, Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku kadhaa, mizigo na yote. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa na vivuko vingine viwili baada ya Congo kuzuia vinywaji kutoka nje na wafanyabiashara kuandamana. Ugomvi ulikuwa wa soda na bia. Waliokwama walikuwa na shaba, salfa na dizeli, na hakuna aliyewalipa fidia ya siku zile.

Pili ni mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Wapo wasafirishaji wanaoiona mizani kama mtego wa kukusanya faini, lakini msingi wake ni wa kitaalamu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hukua kwa takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidishiwa moja ya tano ya uzito halali huiumiza barabara mara mbili. Iliyozidishiwa nusu huiumiza mara tano. Ndiyo maana kwenye miinuko ya Iringa na Mbeya, ambako malori hupanda polepole na joto la mchana huilainisha lami, huonekana mifereji miwili mirefu ya matairi, na gari dogo likiingia humo usukani hugoma. Faida ya tani tano za ziada huingia mfukoni mwa mtu mmoja, na gharama ya matengenezo hulipwa na kila anayenunua mafuta, akiwemo mwenye pikipiki.

Malalamiko ya haki nayo yapo. Lori hupimwa Vigwaza likakutwa sawa, likapimwa tena Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Mzigo usiofungwa imara husogea kwenye mteremko, uzito wote ukabaki uleule lakini kundi moja la ekseli likazidi, na dereva akatozwa kwa mzigo ambao hakuupakia wala hana ruhusa ya kuufungua kwa sababu una lakiri ya forodha. Mizani inayopima gari likiwa linatembea, kama iliyowekwa Vigwaza, hupunguza foleni kwa kuwaacha waliopima sawa waendelee. Kwenye Ushoroba wa Kati, unaokwenda Rwanda na Burundi, vituo vya ukaguzi wa pamoja vya Vigwaza, Manyoni na Nyakanazi vilikusudiwa kukusanya polisi, forodha na mizani mahali pamoja, ili lori lisisimamishwe kila baada ya kilomita chache. Barabara ya Zambia inahitaji mpango huohuo, na matokeo ya kipimo cha kwanza yakubalike hadi mwisho wa safari pale lakiri ikiwa haijaguswa.

Lori lililochelewa hukimbizwa, na hapo usalama huingia hatarini. Mlima Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, na miteremko ya Mbeya upande wa Inyala na Mbalizi, imeua watu wengi. Sababu yake ni ya fizikia. Gari la tani 56 likishuka mlima mrefu, nguvu yote ya uzito wake lazima igeuke joto mahali fulani. Dereva aliyefundishwa huchagua gia nzito kabla ya kuanza kushuka, ile ambayo angeitumia kuupanda mlima huo, na kuiacha injini na breki ya ekzosi zifanye kazi kubwa, huku akigusa breki za magurudumu kwa vipindi vifupi. Anayeng'ang'ania breki za magurudumu peke yake huzichemsha hadi ngoma zinatanuka na bitana zinateleza. Akikanyaga, hakuna kinachoshika, na gia nzito haiingii tena kwa mwendo ule. Wapo wanaoachia gia kabisa ili kuokoa dizeli, kwa kuwa lita iliyobaki tangini huuzwa njiani na kujazia kipato. Tabia hiyo ni ya hatari kubwa, na dawa yake haipatikani kwa askari wa trafiki pekee. Mshahara wa dereva ungekuwa wa kutosha, lita kumi za dizeli zisingekuwa na thamani ya kuhatarishia maisha.

Ajali za magari ya mafuta ni sura nyingine ya tatizo hilo. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilianguka Msamvu, Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Miaka kumi kabla, Januari 2009, jambo la namna hiyo lilitokea Sachangwan nchini Kenya, na idadi ya waliokufa ilipita 100 pia. Kati ya matukio hayo mawili masomo yalikuwa wazi: magari ya petroli yawe na muda wake wa kupita mijini, na vikosi vya zimamoto viwe karibu na barabara kuu, vyenye uwezo wa kuzingira eneo katika dakika za kwanza.

Katika hesabu zote hizi dereva ndiye anayebeba saa zisizolipwa. Madereva wengi huajiriwa kwa neno la mdomo au kwa mkataba usiolingana na kazi wanayoifanya, na sehemu kubwa ya kipato chao ni posho ya safari, inayopangwa kwa safari moja bila kujali siku. Safari ya siku kumi ikigeuka ya siku ishirini kwa foleni, posho ni ileile, na chakula cha siku kumi za ziada hutoka mfukoni mwake. Utingo hupata pungufu zaidi, na mara nyingi hana karatasi yoyote ya kazi. Ndani ya Congo wamewahi kutekwa: Septemba 2016 wapiganaji wenye silaha waliwakamata madereva, wengi wao Watanzania, huko Namoya, kabla ya jeshi la nchi hiyo kuwakomboa. Kukaa mbali na nyumbani kwa majuma kumewaweka kwenye hatari ya magonjwa pia. Tangu miaka ya 1980 barabara kuu za Afrika Mashariki zilijulikana kama njia za kuenea kwa virusi vya UKIMWI, na lawama ikawaangukia madereva kana kwamba ndio walioumba mazingira ya kulazwa wiki nzima mpakani. Kliniki ndogo zilizowekwa kandokando ya barabara, zinazofunguliwa hadi usiku, kama zile za shirika la North Star Alliance, zimefanya kazi njema kwa sababu zilifuata ratiba ya dereva badala ya kumtaka afuate ya hospitali. Wakati wa UVIKO-19 lawama ilirudi palepale. Watu waliopeleka dawa na chakula walipokelewa kwa kufukuzwa kwenye vijiji na kunyimwa hata pa kuoga.

Kesho ya sekta hii inaamuliwa sasa hivi, na washindani wake wameamka. Mwaka 2023 Zambia ilibadili matumizi ya bomba la TAZAMA ili lipitishe dizeli iliyosafishwa, na mara moja sehemu ya kazi ya malori ya matangi ikaondoka barabarani. Mwaka huohuo kampuni ya ubia ilikabidhiwa reli ya Lobito nchini Angola, inayoipa shaba ya Kolwezi njia fupi zaidi ya kwenda Atlantiki. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini jijini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kenya nayo ina funzo la kutoa. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017, na mwaka 2019 agizo la kulazimisha makontena yapande treni liliwatoa watu wa Mombasa barabarani kwa maandamano, kwa sababu lilivunja kazi za malori, karakana na maghala ya mji mzima. Mwaka 2022 serikali mpya ilirudisha uhuru wa kuchagua. Reli inapaswa kuupata mzigo kwa bei na uhakika. Ikiupata kwa amri, hakuna anayejua kama ni bora.

Reli zikifanikiwa, lori halitakufa, ila litabadili umbo la kazi. Shaba haichimbwi stesheni. Kutoka mgodini hadi kwenye treni, kutoka Kapiri Mposhi hadi mashambani, kutoka bandari kavu hadi ghala la Kariakoo, patabaki kazi ya kilomita 50 hadi 300, na safari za namna hiyo zinaufaa zaidi uchumi wa mwenye gari dogo: hahitaji dhamana ya forodha, habebi deni la mafuta ya kilomita 4,000, na gari hurudi karakana ileile kila jioni. Ni kwenye safari hizo pia ambapo gesi asilia ina nafasi. Mtwara tayari kiwanda kikubwa cha saruji kimetumia malori ya gesi ya nchi. Malori ya betri nayo yataanzia hapo, kwa sababu umbali unajulikana na chaji hupatikana mwisho wa safari.

Kwenye safari ndefu zitakazobaki, faida itatoka kwenye mzigo wa kurudi. Sheria za nchi nyingi za ukanda huu hulikataza lori la kigeni kubeba mzigo wa ndani, hivyo semitrela iliyoshusha mbolea Lusaka na ikakosa shaba hurudi tupu hadi Dar es Salaam. Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililoanza kazi rasmi Januari 2021, limefungua mazungumzo ya huduma, lakini kila nchi inalinda wenye malori wake. Kampuni za kidijitali za kuunganisha lori na mzigo, kama Lori Systems iliyoanzia Nairobi mwaka 2016, zilionyesha kwamba simu inaweza kumpunguza dalali, na zilionyesha pia ugumu wake: programu haiwezi kumlipa mwenye gari mapema ikiwa mwenye mzigo analipa baada ya siku 60. Panapohitajika hatua ni kwenye malipo hayo, kwa sheria inayoweka ukomo wa siku za kulipa nauli na malipo ya lazima kwa kila siku lori linapozuiwa na mwenye mzigo. Sehemu ya malipo hayo ya kusubiri iandikwe kwenye mkataba wa dereva na utingo kwa jina, ilipwe pamoja na mshahara, na mkaguzi wa leseni aidai hati hiyo kama anavyodai bima ya gari.